Sikukuu Ijayo Msinivishe Taji

Leo sina la mapishi wala la mitindo ya shela. Nina la moyoni, limenikaa tangu Iddi mosi.

Siku hiyo tulikuwa sebuleni: mume wangu, shemegi zangu wawili, mavyaa yangu, na watoto wamevaa nguo mpya wanasubiri kupelekwa Mnazi Mmoja kwenye viwanja vya sikukuu. Udi unafuka, kahawa iko mezani, pilau liko jikoni. Akabisha hodi kijana wa bodaboda na furushi kubwa limefungwa karatasi ya dhahabu na utepe mwekundu. Kwenye kadi kuna jina langu, chini yake jina la mshirika wangu wa kazi, na maneno "Iddi Mubarak, malkia wangu". Watoto wakalirukia. Shemegi yangu mkubwa akatoa kisu akatusaidia kukata utepe. Mimi nafikiri ni seti ya vyombo.

Ilikuwa picha. Mwanamke amekaa juu ya kiti cha enzi, simba kalala miguuni pake, tausi kasimama pembeni, nyuma yake nguzo za marumaru na bahari. Kichwani ana taji. Nywele zimeporomoka mpaka kiunoni, na gauni jekundu limeacha mabega yote nje na kifua nusu. Uso ulikuwa wangu. Mpaka kidoti changu cha shavuni kilikuwepo.

Shemegi mdogo akageuza macho kama muungwana. Mkubwa hakuwahi, maana yeye ndiye aliyekuwa ameishika. Mavyaa akasema "Subhanallah" kwa ile sauti ambayo hujui kama anasifu au analaani. Mume wangu kimya. Binti yangu wa miaka sita akauliza, "Mama, nywele hizi umezificha wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikasema naenda kuangalia pilau. Pilau lilikuwa limeshaiva zamani.

Mnaoishi mjini mnazijua picha hizi. Mtu anatuma uso kwa simu, kijana anauingiza kwenye programu ya akili mnemba, anachagua kasri, mnyama na mavazi, anarudisha sampuli mbili tatu, ukipenda moja inapigwa chapa kwenye kitambaa kizito kama turubai na kutiwa fremu ya dhahabu. Wapo na wanaochora kwa mkono kwa rangi za mafuta, hao bei yao iko juu na kazi yao ina heshima yake. Zamani wafanyabiashara tulipeana saa ya ukutani yenye jina la duka, kalenda, katoni ya juisi, halua ya Pemba kwenye kikapu cha ukindu. Sasa tunapeana ufalme. Mwenye saluni anamgeuza muuza vipodozi kuwa malkia, mwenye ukumbi anamgeuza mpishi wake kuwa sultani juu ya farasi mweupe. Na oda zinawekwa lini? Kumi la mwisho la Ramadhani, usiku, simu mkononi, baina ya tarawehe na daku. Nasema hivi na mimi nimo, mtaona mbele.

Nianze kwa kumtetea mshirika wangu, kwa sababu nampenda na kwa sababu ni haki yake. Zawadi ni sunna. Mtume s.a.w. ametuhimiza tupeane kwa kuwa zinaleta mapenzi, na sisi wanawake wa biashara tunahitaji mapenzi kuliko watu wengi, maana tunakopeshana, tunagombania wateja, na tunaoneana wivu. Tena kutamani kuonekana katika picha kwa hali isiyokuwa ya kila siku hakukuanza na simu. Mama yangu ana picha ya usichana wake aliyopiga studio, nyuma yake pazia limechorwa mlima wenye theluji na ndege inaruka. Mama hajawahi kupanda ndege mpaka leo. Studio za pwani yetu zimeishi kwa mambo hayo. Hapa Mji Mkongwe, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imepiga vizazi kwa vizazi. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata picha na kuziunganisha mpaka mtu anaonekana mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Na Bi Salme, binti wa Sayyid Said, ile picha yake mashuhuri ya mavazi ya kifalme ya Unguja alipigwa Hamburg, ameshaondoka kwao, ameshaolewa na Mjerumani. Binti wa Sultani kwelikweli, na ufalme wake aliuvalia studio ya ugenini. Kila nikiiona picha ile huwa nahisi baridi.

Lakini mama yangu aliingia studio kwa miguu yake. Alichagua kanga avae ipi, mtandio aufunge vipi, na alijua picha itakaa kwenye albamu ya nani. Bi Salme naye alikaa mwenyewe mbele ya kamera. Mimi sikukaa popote. Uso wangu ulichukuliwa kwenye picha tuliyopiga usiku wa singo ya mteja wetu mmoja, wanawake watupu, mtandio umeniteleza kwa kucheka. Picha ile ilikuwa amana ya waliokuwemo chumbani. Kutoka hapo ikaenda kwenye simu ya kijana nisiyemjua, ikaingia kwenye mashine nisiyoijua, ikatoka na mabega, ikapakiwa kwenye bodaboda mpaka mbele ya shemegi zangu. Sasa hivi naandika, sampuli zile tatu ziko kwake, na sina namna ya kujua nani ameshaonyeshwa.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe nawe! Nywele si zako, mabega si yako, mashine imebuni. Aura iko wapi hapo?" Swali lake nimelishonea magauni mawili mazima, nalifikiri huku mguu uko kwenye cherehani. Jibu langu ni hili. Anayeitazama picha hapewi risiti inayomwambia kipi changu na kipi cha mashine. Uso ni wangu, basi akilini mwake na kilichobaki ni changu. Shemegi yangu leo akinisalimia anatazama sakafu. Zamani alikuwa ananitania. Mashine ilibuni mabega, lakini haya iliyoingia nyumbani kwangu haikubuniwa.

Na kuna la kazi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaenda mafunzo ya amali nikajifunza ushoni, na jina nililonalo nimelipata kwa kitu kimoja: gauni la biharusi la stara linalopendeza. Mikono mirefu, shingo imefungwa, halibani, na bado ukiingia ukumbini watu wanasimama. Mama zenu wananiletea nyinyi kwa sababu hiyo. Sasa mshirika wangu, kwa mapenzi, aliiweka picha yangu kwenye hali yake ya WhatsApp, akaandika "fundi wangu". Nusu ya wateja wangu wameiona. Mama mmoja alinipigia kuniuliza kama siku hizi nashona "za wazi".

Kisha wakaanza kuja maharusi wenyewe na picha zao. Kuna mmoja, mtoto mzuri mwenye adabu, amejitengenezea yake yuko ndani ya kasri amevaa gauni la dhahabu, anataka lile lile kwa wiki tatu. Nikamkalisha nikamwonyesha. Mkono huu, mwanangu, umeungana wapi na bega? Hakuna mshono. Shela hii inatoka kwenye taji kama moshi, hakuna pini, hakuna kichana. Kiuno hiki kina upana wa shingo, pafu litakaa wapi? Alicheka, lakini niliona machoni amevunjika kidogo, kama kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya. Tukashona gauni zuri, wallahi zuri. Siku ya kujaribu alijitazama kwenye kioo, akatazama simu, akatazama tena kioo. Ningekuwa na uwezo ningekificha kile kisimu mpaka ndoa ifungwe.

Kuhusu dini mimi si ustadhi, nimesoma chuoni kwa mwalimu wetu kama nyinyi. Najua wanavyuoni wametofautiana juu ya picha za kamera, na kwamba juu ya kuchora viumbe wenye roho na kuvitundika ukutani maneno ni makali zaidi. Hizi za mashine ni kuchora au ni kamera? Muulizeni mnayemwamini katika elimu, msiniulize fundi cherehani. Ila kisa kimoja sijawahi kukisahau tangu utoto, pengine kwa sababu kina kitambaa ndani yake. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alitundika pazia lenye picha, Mtume s.a.w. akarudi safarini akalichukia, na Bibi Aisha akalikata akalifanya mito. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nashughulika na mito tu: ilitoka mingapi, alishona kwa mkono gani. Sasa nafikiria jinsi alivyolitoa ukutani bila ya ugomvi.

Niliahidi kukiri. Mwaka juzi mimi mwenyewe niliagiza picha kama hii kwa tajiri wangu wa vitambaa, Kariakoo Dar es Salaam. Nilimfanya sultani, kilemba, jambia kiunoni, majahazi nyuma yake. Nikavuka nayo kwa boti nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Alifurahi mno, akaitundika juu ya kaunta. Wiki iliyofuata nikampigia kuomba majora manne ya satini na lesi kwa mali kauli, naye akanipa bila ya kuuliza neno. Nilijisifu kwa kila mtu kwamba biashara ni akili. Nilikuja kupata kigugumizi siku aliponitumia jora moja lenye madoa na mimi nikashindwa kulirudisha, kwa sababu kila nikitaka kulalamika naliona lile jambia. Ile haikuwa zawadi. Ilikuwa rehani, na aliyewekwa rehani nilikuwa mimi.

Ndiyo maana picha yangu ilipokuja, baada ya haya kulikuwa na kitu kingine chini yake, kizito zaidi. Mshirika wangu ni mpambaji, anafanya hina, uso na mapambo ya ukumbi. Tunauza kwa kifurushi: biharusi anamlipa yeye zote, yeye ananipa yangu ya kukodisha gauni. Tangu Rajabu walipita maharusi watano, kila gauni 180,000, jumla 900,000. Nilikuwa nimepokea 250,000. Katika Ramadhani nilimkumbusha mara mbili kwa adabu, akasema baada ya sikukuu. Nina wasichana wawili wa kazi ambao lazima wapate chao kabla ya Iddi, 50,000 kila mmoja, maana na wao wana mama zao. Nikawalipa kwa pesa za nguo za wanangu. Wanangu sikukuu hii walivaa magauni ya vipande vilivyobaki kwenye vitambaa vya wateja, nimeviunganisha usiku, na Alhamdulillah walipendeza, hakuna aliyejua. Kisha inaingia picha yenye fremu ya dhahabu. Nikauliza bei kwa mtu mwingine: 120,000. Ingewalipa wasichana wote wawili ikabaki ya nazi na iliki.

Wanavyuoni wametahadharisha juu ya mdaiwa kumpa zawadi anayemdai kabla hajalipa, kama si mazoea yao tangu hapo. Nilikuwa naijua tahadhari hiyo kwa upande wa anayekopesha, asije akala riba. Sikuwa nimefikiri inavyomkaba mdomo. Ukishaitwa malkia, utadai vipi 650,000? Malkia hadai, malkia ana simba.

Ijumaa baada ya sikukuu nikaenda kwake. Nimeshajipanga maneno njia nzima. Hata sijakaa akaniuliza, "Umeitundika wapi?" Nikamwambia, "Shoga angu, nimeificha nyuma ya kabati." Nikamweleza ya shemegi, ya mavyaa, ya yule mama aliyenipigia. Akalia. Nilitarajia ugomvi, sikutarajia kilio. Akasema, "Harusi zote tunazofanya, picha zinatoka na biharusi, na mama zake, na keki. Mimi na wewe hatumo hata moja. Wewe unakaa nyuma ya cherehani mpaka mgongo unapinda. Nilitaka siku moja uone ninavyokuona mimi."

Hapo nililia na mimi, sitaki kuwadanganya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, si mzazi, si mume.

Tulipotulia nikamuuliza pesa. Akainamisha kichwa. Maharusi wawili kati ya watano hawajamlipa mpaka leo, mmoja ndoa imeshavunjika na hakuna wa kumdai. Aliona aibu kuniambia. Kila nilipomkumbusha aibu ikazidi, na picha ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ni kuniomba radhi bila ya kulitaja kosa. Nikamwambia ningeipokea radhi tupu, hata kwa simu, hata usiku wa manane. Angeniambia "sina" ningejua la kufanya. Tukatoa daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana deni, na sisi miaka minne ya ushirika hatukuwa tumeandika hata mstari, tunaitana "malkia" tu. Tukaandika: zile gauni mbili ambazo hazikulipwa tunagawana hasara nusu kwa nusu, nyingine atalipa kila Ijumaa kidogo kidogo. Na kuanzia sasa biharusi ananilipa mimi changu mkononi, na yeye chake. Hilo la mwisho lilimuuma, niliona. Lakini alitia saini.

Kwa hiyo nikisema sizitaki picha hizi, jueni sisemi kwa sababu aliyenipa ni mbaya. Nasema kwa sababu alikuwa na maneno mawili mazuri ya kuniambia, kwamba ananithamini na kwamba amekwama, na picha iliyameza yote mawili. Nyinyi maharusi ambao mtaanza kuwapelekea mawifi na wakubwa wa kazi wa waume zenu vitu vya sikukuu, na mtaambiwa kwamba siku hizi ndiyo mtindo, muulizeni mwenye uso kwanza. Akikubali, basi ni baina yake na Mola wake, na achague mwenyewe avikwe nini. Kama ni mshangao unaoutaka, mshangaze kwa kitu kisichokuwa na uso: udi mzuri, doti ya kanga ambayo jina lake umelichagua kwa kumfikiria yeye, tende, foronya ulizozidarizi kwa mkono wako. Na kama unadaiwa, lipa kwanza, hata nusu, kisha ndiyo ufunge utepe. Na kwa wenye biashara: ukimpelekea afisa anayetoa tenda au anayekagua duka lako picha yake amevaa joho la kifalme, usijidanganye kwamba ni mapenzi ya Iddi. Angekaa nyumbani kwa mama yake usingemchora.

Tajiri wangu wa Kariakoo nilimlipa yote mwezi wa Mfungo Tatu. Picha yake bado iko juu ya kaunta, anaipenda, sina la kufanya. Nilipompelekea salio nilimrudishia na lile jora la madoa. Alilitazama, akasema, "Kumbe na hili? Mbona hukusema?"

Yangu nimeitoa kwenye fremu. Fremu ilikuwa nzuri na haina kosa, imetiwa Ayatul Kursiy na iko sebuleni, mavyaa ndiye aliyechagua ukuta. Uso, simba na tausi nilivikata mwenyewe kwa mkasi wa kazi nikavichoma uani, watoto wamelala. Kilichobaki kilikuwa kipande kirefu chenye nguzo, bahari na pindo la gauni, kitambaa kizito, kigumu, hakichaniki kwa urahisi. Nimekishonea mkoba wa vifaa, kwa ndani nimetia bitana ya satini. Mshirika wangu aliuona Ijumaa iliyopita alipoleta malipo yake ya pili. Akaugeuza nje ndani, akatazama mshono, akaniuliza kama kitambaa kimebaki cha kutosha na yeye apate wa brashi zake.